Mwaloni ni mti gani hasa?

Wengi wetu tulilijua neno "mwaloni" kutoka kwenye Biblia, si msituni. Hauoti mwituni hapa Kenya. Zile mbao za Meru ambazo Kiingereza huziita za mwaloni ni za muhuru, mti wa ukoo mwingine kabisa.

Mwaloni halisi utaujua kwa kokwa lake, ambalo hukaa ndani ya kikombe kidogo. Chukua kharsu, mwaloni wa milima ya Himalaya, unaoota India na Nepal kwenye kimo cha mita 2,100 hadi 3,800 hivi. Huwa na majani mwaka mzima, na yale ya mche yana miiba pembeni. Lakini lililonishangaza mimi ni kokwa: hukomaa wakati wa mvua za monsuni, na aghalabu huanza kuchipua lingali mtini! Likiangukia pakavu, basi limekwisha. Huwezi kuliweka ghalani kama mahindi.

Sasa ongeza binadamu. Wanavijiji hukata matawi kulisha mifugo, nayo mifugo ikipita huitafuna miche. Ndiyo maana kuna misitu ya kharsu yenye wazee watupu, bila mtoto hata mmoja chini yao.