Nyumba ya Lamu katika Majengo Mapya: Sura au Sarufi?

Usanifu wa kijadi mamboleo ni ule unaojenga nyumba mpya kwa kufuata mitindo ya kale. Mfano unaotajwa sana duniani ni Poundbury, mtaa ulioanza kujengwa mwaka 1993 pembezoni mwa mji wa Dorchester, Uingereza, kwa ramani ya msanifu Léon Krier. Huko hazikuigwa kuta na madirisha pekee. Maduka na mahali pa kazi viliwekwa karibu na makazi, ili mkaazi aweze kwenda kwa miguu kama ilivyokuwa katika miji ya zamani. Mfano huo unazua swali: anayeiga nyumba ya kale huiga nini hasa, sura yake au mpango wake? Katika pwani ya Kenya, jibu la swali hili linagusa utamaduni na pia lugha.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba yake ya mawe, ambayo Usam Ghaidan aliichunguza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975, ina utaratibu maalumu. Mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, palipo na baraza za mawe mbele ya mlango. Akikaribishwa, hupita tekani, kiukumbi kinachopinda ili apitaye njiani asione ndani. Kisha hufika kiwandani, yaani uwanja ulio wazi kwa juu, unaoiletea nyumba hewa na mwanga. Hapo hufuata msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani. Kadiri mtu anavyosonga mbele ndivyo mwanga unavyopungua na sitara inavyozidi. Huo ndio msingi wa nyumba nzima.

Vifaa vya ujenzi navyo vilichangia umbo hilo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ulifanya vyumba viwe virefu lakini vyembamba. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilizuia joto la mchana.

Katika miongo ya karibuni, hasa katika kijiji cha Shela, nyumba nyingi zimejengwa au kukarabatiwa kwa mtindo huu. Kuna jambo la kusifiwa hapa: mafundi wa lipu na wachongaji wa milango wamepata kazi, na ujuzi wao haujapotea. Aidha, kukopa si dhambi. Majengo ya ufukweni Lamu, yenye roshani na matao, ni ushahidi kuwa mji huo ulipokea mitindo ya nje tangu karne ya 19.

Hata hivyo, baadhi ya majengo mapya huchukua pambo na kuacha maana. Zidaka huchongwa ukutani, lakini daka halipo. Boriti hupangwa chini ya zege lisilozihitaji. Paa hugeuzwa ukumbi wa kutazamia bahari, na kumbe pia hutazama kiwanda cha jirani. Nyumba iliyobuniwa kuwasitiri watu hugeuka ya kuwafichua.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hasara haikomei hapo. Neno huishi pamoja na kitu kinachotajwa. Katika Kiswahili sanifu, kiwanda kimekwisha kuwa mahali pa mashine, na daka aghalabu huitwa veranda. Neno zidaka huhifadhi wingi wa Kiamu, ambapo usanifu wa lugha ungedai vidaka. Chumba kikiacha kujengwa, jina lake hubaki kamusini tu, na kamusi haimweleza msomaji ni nani aliyeketi pale wala kwa nini.

Ni dhahiri basi kwamba kinachohitaji kurithiwa ni sarufi ya nyumba zaidi ya msamiati wa mapambo yake. Daka, tekani na kiwanda vyaweza kujengwa kwa matofali ya saruji bila kukata mkoko hata mmoja. Wasanifu wazingatie mpangilio huo. Wanaisimu nao wakusanye istilahi hizi kutoka kwa mafundi wa Lamu mapema, kwani mwacha asili ni mtumwa.