Muswada na Sheria

Msafiri atokaye Dar es Salaam akifika Msamvu, mjini Morogoro, hukuta njia mbili: moja yaelekea Dodoma, nyingine Iringa. Akikosea hapo, kila aendavyo ndivyo azidivyo kupotea. Hali ni hiyo hiyo kwa mfasiri aandikaye "sheria" mahali panapotakiwa "muswada". Mara nyingi twasikia ikisemwa, "Serikali imepeleka sheria mpya Bungeni." Kinachopelekwa Bungeni ni muswada.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo lamaanisha andiko la awali, ambalo bado laweza kusahihishwa. Kwa utaratibu tulioupokea kutoka Bunge la Uingereza, muswada husomwa mara tatu. Yafaa walimu waeleze kwamba kusomwa mara ya kwanza si kusoma andiko zima: Katibu husoma jina lake tu. Kisha Kamati ya Kudumu huuchambua na kupokea maoni ya wananchi. Unaposomwa mara ya pili, mtoa hoja hueleza makusudio yake na wabunge huujadili. Halafu Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia sehemu kwa sehemu. Baada ya kusomwa mara ya tatu huwa umepitishwa, lakini bado si sheria. Kwa mujibu wa Ibara ya 97 ya Katiba ya mwaka 1977, sharti Rais aukubali. Naye aweza kuukataa na kuurudisha Bungeni pamoja na sababu zake.

Utaratibu wa namna hiyo hufuatwa Zanzibar pia, kwa mambo yasiyo ya Muungano. Huko chombo kihusikacho ni Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, na mjumbe wake huitwa Mwakilishi. Mbunge wa jimbo la Zanzibar huja kukaa Dodoma. Mwakilishi hukaa Barazani, huko huko Zanzibar. Kwa hiyo kuandika "Bunge la Zanzibar" ni kuchanganya vyombo viwili.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tushikilie tofauti hizi? Mfanyabiashara wa Msamvu aambiwapo kwamba sheria ya kodi imekwisha tungwa, hunyamaza na kungoja kutozwa. Aambiwapo kwamba ni muswada, hutambua kuwa Kamati bado yapokea maoni, naye aweza kupeleka yake. Neno moja laweza kumnyima raia nafasi ya kusikilizwa.

Tena, tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria nchini, na dhima ya wafasiri imezidi kuwa nzito. Kwa hiyo twashauri: andiko liitwe "muswada" mpaka Rais alikubali, baada ya hapo liitwe "sheria". Kanuni zitungwazo na madiwani wa halmashauri, kama zile za ushuru, ziitwe "sheria ndogo", kwani hizo hazisomwi Bungeni mara tatu.