Ayubu na Mtoto Anayejikuna

Hapa Olympic, Kibera, nyumba zimekaribiana. Mtoto mchanga akilia usiku kwa kuwashwa na ukurutu, ploti nzima huamka. Kukicha maneno huanza: mama hajui usafi, au kuna jicho baya.

Twamkumbuka Ayubu, aliyejikuna kwa kigae. Rafiki zake walimtafutia kosa, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Basi tusimlaumu mama. Ukurutu huu hauambukizi, wala hauletwi na uchafu. Ngozi ya mtoto wa namna hii haishiki unyevu vizuri, hukauka, ikawasha. Daktari ataupambanua na upele.

Tufanye nini? Tumwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni ya manukato. Tumfute polepole pasipo kumsugua, na papo hapo, ngozi ingali na unyevu, tumpake vaselini isiyo na manukato. Turudie mara kadhaa kwa siku. Tumkate kucha, tumvike nguo za pamba. Dawa ya daktari tuitumie kama alivyoagiza. Ngozi ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, twende kliniki siku hiyo hiyo.

Nawe jirani, mtungi mmoja wa maji mlangoni kwake wapita mahubiri mengi. Kabla ya kulaumu, rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku 7. Hapo walitenda vema. Nasi tuanzie hapo. Amina.