Mbwa Jike: Afungwe Kizazi au Aachwe?

Katika vijiji na mitaa yetu mingi mbwa hana ua wala mnyororo. Mchana hulala kivulini, usiku hulinda nyumba, na katikati huzurura apendavyo. Siku mbwa jike anapoonekana amezungukwa na madume yanayogombana, mwenyewe hutambua kwamba baada ya miezi miwili atakuwa na watoto wa mbwa asiojua pa kuwapeleka. Ndipo linapozuka swali: je, mbwa huyu afungwe kizazi? Kabla ya kulijibu, yafaa tuelewe mwili wake ufanyavyo kazi.

Mzunguko wa uzazi

Mbwa jike hupevuka akiwa na umri wa miezi 6 hadi 12, na wale wa aina kubwa huchelewa zaidi. Aghalabu huingia katika joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara mbili kwa mwaka. Kwa siku 9 hivi hutokwa na damu, akawavutia madume lakini akawakataa. Kisha hufuata siku nyingine 9 hivi ambazo hukubali kupandwa. Mimba huchukua siku 63 hivi.

Hata asipopata mimba, ovari zake huendelea kutoa homoni ya projesteroni kwa muda wa miezi miwili hivi. Homoni hiyo huunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi, na bakteria wakiingia humo usaha waweza kujaa. Ugonjwa huo huua usipotibiwa upesi. Huko Uswidi, ambako mbwa wengi hawafungwi kizazi, kumbukumbu za bima zilionyesha kwamba takriban jike mmoja kati ya wanne huupata kabla ya kutimiza miaka 10.

Faida na hasara

Katika upasuaji, daktari wa mifugo humtia mbwa nusukaputi, akampasua tumbo na kuondoa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Tangu hapo hapana joto, hapana mimba, na hatari ya usaha karibu yote huondoka.

Kuhusu uvimbe wa matiti, utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1969 ulisema kwamba jike aliyepasuliwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na asilimia 0.5 tu ya hatari aliyo nayo asiyepasuliwa. Baada ya joto la kwanza asilimia 8, na baada ya la pili asilimia 26. Walakini, mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walizipitia upya tafiti za jambo hilo, wakaona ushahidi wake ni dhaifu. Hivyo ndivyo sayansi iendavyo: tarakimu iliyorudiwa mara nyingi haigeuki kuwa kweli kwa kurudiwa.

Hasara nazo zipo. Baadhi ya mbwa huvujwa na mkojo uzeeni, wengine hunenepa wasipopunguziwa chakula. Mwaka 2013 watafiti wa California waliona kwamba mbwa wa aina ya Golden Retriever waliofungwa kizazi kabla ya mwaka mmoja waliugua viungo zaidi. Kwa hiyo mbwa mkubwa afungiwaye vizuri uani aweza kusubiri akomae. Bali ile imani kwamba ni lazima jike azae mara moja kwanza haina msingi wa kiafya.

Uamuzi

Kwa mbwa azururaye, mizani huelemea upande wa upasuaji. Lakini upasuaji haushiki nafasi ya chanjo. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, wala si kwa kuwaua. Watoto wa mbwa wanaozaliwa kila mwaka bila kinga huipunguza asilimia hiyo. Hapo ndipo kufunga kizazi kunaposaidia.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: jike azaaye watoto 5 mara mbili kwa mwaka, nusu yao wakiwa majike, atakuwa na ukoo wa mbwa wangapi baada ya miaka 3? Jibu litawashangaza. Kisha na waulizwe: mbona mitaani hatuwaoni mbwa wote hao? Wengi wamekufa wachanga, kwa njaa, kwa magonjwa na kwa kutupwa jalalani. Asiyeamua lolote juu ya mbwa wake, huyo naye ameamua.