Nani hulipa nauli ya watoto kwenda makumbusho?

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nani hasa hulipa gharama za jumba la makumbusho? Yaani taa, walinzi, wataalamu wa kuhifadhi vitu vya kale na hata basi la kuwaleta watoto wa shule? Wengi hudhani ni ile tikiti ya mlangoni. La hasha! Aghalabu tikiti ni tone tu. Kinachobaki hutoka kwa wahisani na kwa ruzuku za serikali, na ruzuku, kama utakavyoona, ina mambo yake.

Chukua mfano wa Jumba la Kitaifa la Makumbusho la Wamarekani wenye asili ya Japani, lililoko katika mtaa wa Little Tokyo mjini Los Angeles. Walioanzisha wazo hilo ni wafanyabiashara wa mtaa huo pamoja na wanajeshi wastaafu wa Vita Vikuu vya Pili, nao wakalisajili mwaka wa 1985. Serikali ya jimbo la California ilikubali kutoa dola 750,000, lakini kwa sharti kwamba mji nao utie mkono mfukoni. Mji wa Los Angeles ukatoa dola milioni moja. Wewe uliyezoea harambee waujua ujanja huo: mgeni wa heshima hutangaza mchango wake, kisha wenyeji huona haya kukaa kimya.

Mbona wazee hao walihangaika hivyo? Hapo Februari 19, 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri iliyofanya zaidi ya watu 120,000 wenye asili ya Japani kuhamishwa kutoka pwani ya magharibi ya Marekani na kufungiwa kambini. Thuluthi mbili walikuwa raia wa kuzaliwa. Waliruhusiwa kubeba kile tu ambacho mikono yao ingeweza kubeba. Katika Little Tokyo, familia nyingi ziliacha mizigo yao ndani ya hekalu la Wabudha lililojengwa mwaka wa 1925, na nje ya hekalu hilo hilo ndipo mabasi yalipowachukua. Jumba la makumbusho lilipofungua milango yake mwaka wa 1992, lilifungua ndani ya jengo hilo hilo. Jengo jipya lililo mkabala liliongezwa mwaka wa 1999. Mchoraji wake, Gyo Obata, aliepuka kambi kwa kwenda kusoma chuo kikuu mjini St. Louis, huku jamaa zake wakiwa wamefungiwa.

Sasa tazama kazi ya ruzuku. Wakati wa vita, mtaalamu mmoja wa sanaa za mikono, Allen Eaton, alikusanya vitu vilivyotengenezwa na wafungwa wale: michoro, vinyago, vibao vya majina vilivyotundikwa milangoni. Walimpa bure kwa kuwa alitaka kuvionyesha watu, si kuviuza. Miaka ikapita, Eaton akafa, mkusanyo ukahamia mikono mingine, na mwaka wa 2015 ukatangazwa kuuzwa kwa mnada! Watoto na wajukuu wa wafungwa waliwaka kwa hasira. Hebu fikiri picha ya nyanya yako inapigiwa kelele na dalali. Mnada ulifutwa, na vitu hivyo vikakabidhiwa jumba la Los Angeles.

Lakini kupewa vitu ni jambo moja, kuvitunza ni jingine. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mwaka wa 2006 iliyoruhusu hadi dola milioni 38 zitumike kuhifadhi kumbukumbu za kambi hizo. Kwa kila dola mbili za serikali, anayepewa sharti atafute moja yake. Fungu hilo lilisaidia mkusanyo wa Eaton kusafirishwa kutoka mji hadi mji kuanzia mwaka wa 2018, ili wazee watazame zile picha na kusema, "Huyu namjua." Watu waliokuwa hawana majina wakapata majina. Kwa maoni yangu, hakuna tikiti ya mlangoni ingeweza kulipia jambo hilo.

Na ile nauli? Mwaka wa 2000 Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, aliyepoteza mkono wa kulia vitani, aliona kwamba shule nyingi zilishindwa kuwaleta wanafunzi kwa kukosa pesa za basi. Akaanzisha mchango katika karamu ya kila mwaka ya jumba hilo. Tangu hapo wageni wakiwa mezani huulizwa nani atatoa kiasi gani kwa ajili ya watoto.

Yapo pia machungu. Mnamo Aprili 2025 serikali kuu ilifuta ruzuku ya dola 175,000 iliyokusudiwa kuwaleta walimu Little Tokyo wasomeshwe historia hii palepale ilipotokea. Wakati huo Rais Donald Trump alikuwa ameamuru taasisi zinazopata pesa za serikali kuachana na mipango ya kuhimiza usawa wa watu wa asili mbalimbali, na baadhi ya mashirika yaliharakisha kufuta maneno kama hayo katika maandishi yao. Jumba hili lilikataa. Mwenyekiti wa bodi yake, William Fujioka, alisema wazi kwamba hawatafuta chochote. Huo si uamuzi mwepesi kwa mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi.

Isitoshe, habari hizo ziliwakuta katikati ya ujenzi. Lile jengo la 1999 lilikuwa limefungwa tangu Januari mwaka huo ili likarabatiwe, na programu zikawa zinaendeshwa nje ya kuta zake. Watu wa kawaida walipopata habari za ruzuku iliyofutwa, walianza kutuma michango yao wenyewe.