Jeraha Lililoshonwa

Juma alijikata mguu kwa panga alipokuwa akifyeka shamba. Katika zahanati, mganga alilisafisha jeraha, akalishona, kisha akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Siku ya tano maumivu yalikwisha. Juma akataka kuzikata nyuzi apate kucheza mpira, lakini mama yake akamkataza. Kwa nini?

Nyuzi haziponyi jeraha. Hushikilia tu kingo mbili za ngozi, na mwili wenyewe huziunganisha polepole. Mguuni, nyuzi hutolewa na muuguzi baada ya siku 10 hadi 14. Zikitolewa mapema, jeraha huweza kufumuka na vijidudu vikaingia.

Jeraha lisiloweshwe siku 2 za kwanza, wala lisipakwe udongo. Likivimba au kutoa usaha, mgonjwa arudi zahanati upesi.