Vuta N'kuvute Katika Mzunguko wa Matamasha: Nafsi Zinazopotea Kati ya Jina la Riwaya na Jina la Filamu

Ikisiri

Filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute (2021), iliwafikia watazamaji wa Toronto ikiwa na majina mawili: la Kiswahili, lililotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na la Kiingereza, Tug of War. Makala haya yanachunguza kilichoachwa njiani kati ya majina hayo. Yanajenga hoja kwamba kilichopotea ni nafsi, yaani "mimi" na "wewe" waliomo ndani ya umbo la kitenzi, na kwamba upotevu huo unadhihirisha jinsi mzunguko wa matamasha unavyotaka Kiswahili kisikike huku ukitaka kisomwe kwa lugha nyingine.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mtengenezaji filamu wa Tanzania asiyekuwa na studio nyuma yake amekuwa na njia mbili za kuifikisha kazi yake kwa watu. Ya kwanza ilipitia Kariakoo: filamu ilirekodiwa haraka, ikauzwa kwa msambazaji, ikatiwa kwenye diski na kutazamwa sebuleni. Ya pili hupitia matamasha. Humo filamu hushindanishwa mbele ya wateuzi, na mahali inapoonyeshwa kwa mara ya kwanza huwa na uzito mkubwa, kwa kuwa matamasha makubwa hupenda kuwa ya kwanza. Njia hii ya pili haina haraka na wala haina hakika ya fedha, lakini humwachia msanii uamuzi juu ya kazi yake.

Shivji alichagua ya pili. Baada ya filamu fupi za Shoeshine (2013) na Samaki Mchangani (2014), filamu yake ndefu T-Junction ilifungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar mwaka 2017. Vuta N'kuvute ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, katika mji ambao Shivji alisomea filamu, ikatwaa Taniti ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia, mwaka 2022, na mwaka huohuo ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu ya kimataifa. Kabla yake ni Maangamizi (2001) pekee iliyokuwa imepelekwa huko kwa jina la Tanzania.

Riwaya yenyewe, iliyochapishwa mwaka 1999, ilikuwa na wasomaji wake zamani. Ni ya Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni wa Mwingereza. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa kwa mwanamume anayemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia, anapata hifadhi kwa Mwajuma, na anakutana na Denge, mpinzani wa dola ya kikoloni. Kwa kuwa riwaya hii imekuwa ikisomwa katika kidato cha tano na cha sita, vijana wengi wa Tanzania walikutana na Yasmin na Denge kwenye karatasi ya mtihani kabla ya kuwaona kwenye pazia la sinema. Watazamaji wa kwanza wa filamu, kwa upande mwingine, walikuwa watu ambao aghalabu hawakuwahi kulisikia jina la Shafi.

2.0 Jina na umbo lake

Jina la riwaya ni sentensi mbili zilizofungamana. Vuta ni amri kwa nafsi ya pili umoja. N'kuvute ni kitenzi chenye kiambishi cha kiima cha nafsi ya kwanza (ni-, kilichofupishwa kuwa n'), kiambishi cha yambwa cha nafsi ya pili (-ku-), mzizi -vut-, na kiishio -e cha hali tegemezi. Muundo huu unajulikana kwa wazungumzaji wote: nipe nikupe, piga nikupige. Lakini kuna tofauti ndogo inayostahili kuangaliwa. Katika nipe nikupe kila upande umetajwa mara mbili, kama mtoaji na kama mpewa. Katika vuta n'kuvute amri ya kwanza haina yambwa. Haisemwi kinachovutwa: huenda ni kamba, huenda ni mimi. Jibu ndilo linalomtaja mtu: nitakayemvuta ni wewe.

Hivyo mzungumzaji wa jina hili hasimami kando akiutazama ugomvi wa wengine. Ameshika ncha ya kamba, na anamtaka mwenzake aanze. Ni maneno ya mtu anayekubali kuvutwa kwa sharti kwamba naye atavuta. Katika jamii ya kikoloni ambayo riwaya inaichora, ambamo ndoa huamuliwa na wazee na siasa huamuliwa na mkoloni, neno hilo likitamkwa na mnyonge lina ujasiri ambao neno mvutano halina. Mvutano ni nomino isiyo na mtu ndani yake. Tug of War ni tafsiri nzuri ya mvutano, au ya mchezo wa kuvuta kamba. Si tafsiri ya vuta n'kuvute.

Inaweza kupingwa kwamba vuta nikuvute limekwisha kuganda kuwa nomino. Magazeti huandika kila siku juu ya vuta nikuvute kati ya chama hiki na kile, na msomaji hafikirii nafsi yoyote. Pingamizi hili lina uzito, ila linasahau ule ufupisho. Magazeti huandika ni- kamili. Shafi aliandika n', kama neno linavyotoka kinywani mwa mtu wa Unguja. Ufupisho huo unalirudisha jina kwenye mazungumzo, na mazungumzo hayawi bila msemaji na msemeshwa.

Kuna jambo la pili, la kimaana. Mzizi -vut- hauishii kwenye nguvu za mikono. Mtu huvutwa na uzuri, mwenye haiba ana mvuto, kinachopendeza kinavutia. Kwa hiyo masikio ya Kiswahili hupokea katika jina moja mapambano na mapenzi, mambo mawili ambayo kisa cha Yasmin na Denge kinayasokota pamoja tangu mwanzo. Jina la Kiingereza lilibidi lichague, likachagua vita.

3.0 Manukuu na masikio

Kinacholipata jina huyapata pia mazungumzo ya filamu, kwa kiwango kikubwa zaidi. Manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, huwa kwa kawaida mistari miwili isiyozidi herufi arubaini hivi kila mmoja, na mistari miwili iliyojaa huachwa kwa takriban sekunde sita. Kiswahili ni lugha inayobeba mengi katika neno moja: nitakuvuta ina herufi kumi, na Kiingereza huhitaji maneno manne kusema hilo. Mfasiri aliyebanwa na nafasi hukata kwanza kile kisichosukuma kisa mbele, na mara nyingi hicho ni namna watu wanavyoitana na kuamkiana.

Shikamoo na marahaba zikigeuzwa kuwa salamu tupu, mtazamaji haoni tena nani mkubwa na nani mdogo; akikosa kujibiwa mtu shikamoo yake, manukuu hayana pa kuliweka tusi hilo. Sabalkheri ya Unguja nayo huwa sawa na salamu yoyote ya asubuhi popote duniani. Mtazamaji mjuzi wa Kiswahili husikia ni nani mzaliwa wa mjini, nani amekuja kutoka bara na nani Kiswahili chake kimekulia dukani. Msomaji wa manukuu hupewa Kiingereza kimoja kilichonyooka kwa wote.

Si wageni tu wanaokosa. Neno shoga ni mfano mzuri. Katika matumizi ya pwani ni mwanamke rafiki wa mwanamke, na usuhuba wa Yasmin na Mwajuma ni wa namna hiyo hasa. Katika matumizi ya sasa ya bara neno hilo limegeuka jina la dharau kwa wanaume. Mtazamaji wa Mwanza anaweza kushtuka mahali ambapo mtazamaji wa Toronto, aliyesoma neno la Kiingereza la urafiki, amepita salama. Hapa manukuu yamesawazisha bonde ambalo wazungumzaji wa Kiswahili wenyewe bado wanalivuka kwa tahadhari.

4.0 Kiswahili kama sharti

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba matamasha hayakitaki Kiswahili. Ukweli ni kinyume chake. Kanuni ya Oscar kwa filamu ya kimataifa hudai kwamba zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha isiyo Kiingereza, na mwaka 2019 filamu ya Nigeria, Lionheart, iliondolewa kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa ya Kiingereza. Kanuni hiyohiyo hudai manukuu ya Kiingereza. Kiswahili, basi, ni hati ya kuingilia mlangoni, na anayeingia nayo hutakiwa kuwa na mkalimani.

Filamu ya Kenya, Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu, ilizunguka na jina lake la Kiswahili bila kutafsiriwa, ingawa msingi wake ni hadithi fupi ya Kiingereza ya Mganda Monica Arac de Nyeko. Neno moja fupi, lenye irabu wazi, hutamkika kwa kila ulimi na hukubalika kama jina la mtu. Sentensi haikubaliki hivyo. Jina likiwa na kitenzi, mgeni huona kwamba kuna jambo linasemwa ambalo halielewi, naye huomba tafsiri.

Hata pale jina la Kiswahili lilipobakizwa kando ya lile la Kiingereza, halikubaki lilivyokuwa. Katika orodha kadhaa za kimataifa filamu imeandikwa Vuta N'Kuvute, kwa K kubwa. Tahajia hiyo inaikata n' kutoka kwenye kitenzi chake na kuifanya ionekane kama neno linalojitegemea, na kwa macho yaliyozoea Kiingereza alama hiyo ya N hufanana na kiunganishi "na" kilichofupishwa. Asiyejua Kiswahili anaweza kulisoma jina kuwa ni vitu viwili vilivyounganishwa, Vuta na Kuvute. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kingalipo kwenye bango, ila hakina tena mtu.